Nilijaribu tamponi mara moja, sasa naogopa hata daktari

Salamu Mama,

Mimi ni msichana wa miaka 22, mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika chuo kimoja hapa Kisumu. Nasomea elimu ya michezo. Barua hii nimeianza mara tatu nikaifuta, kwa hivyo nikirukaruka univumilie.

Mwezi wa tatu tulikuwa na mtihani wa kuogelea. Chuo chetu hakina bwawa. Hukodisha la hoteli kwa siku moja, na ukikosa siku hiyo unangoja mwaka mzima. Nilikuwa katika siku zangu, siku ya nne. Mwalimu ni mwanamume, nisingeweza kumwambia. Mwenzangu wa chumbani akanipa tamponi mbili, zile pamba za kuwekwa ndani ya uke kuzuia damu, akasema kwao Nairobi ni kitu cha kawaida tu.

Niliingia bafu la hosteli, nikauegemeza mlango kwa ndoo ya maji kwa sababu komeo liling'oka zamani. Nikasoma kile kikaratasi cha maelezo, nikaweka mguu mmoja juu ya jerikeni kama kwenye mchoro, nikajaribu. Ilikuwa kavu. Ikaingia kidogo ikakwama, nikasukuma, nikahisi kama nimechomwa, nikaitoa haraka. Kwenye kidole kulikuwa na damu nyekundu kabisa, si ile ya kahawia niliyoiona asubuhi. Nilikaa chini kwenye sakafu ya bafu, mwenzangu akabisha mpaka akachoka. Mtihani sikuufanya. Nilisema nina malaria.

Mama, mimi sijawahi kulala na mwanamume. Nina mchumba, mtu wa Nakuru, na tulikubaliana tangu mwanzo kwamba tutangoja ndoa. Mwezi wa nane watu wake walikuja kwetu Seme kujitambulisha. Tukiwa tunakula, mamake akasema huku akicheka kwamba kwao hawanunui soda iliyofunguliwa. Watu wote wakacheka. Mimi pia nilicheka.

Usiku ule Waya, ndivyo tunavyomwita dada ya baba, aliniita kando. Yeye ndiye amenisomesha tangu baba afariki. Alikuwa muuguzi, sasa amestaafu. Akaniambia, "Kabla mahari haijaletwa nitakuangalia mimi mwenyewe, mtu asije akatuaibisha. Ni dakika moja tu." Tangu siku hiyo natafuta visingizio vya kutokwenda nyumbani.

Kuna jambo lingine, sijui kama linahusiana. Tangu kidato cha pili hedhi hunilaza kitandani. Siku mbili za kwanza natapika, siwezi kusimama wima. Dawa za maumivu za dukani hazinisaidii tena, na siku hizi tumbo huanza kuuma siku kadhaa kabla damu haijatoka. Kliniki ya chuo walinipa barua nikamwone daktari wa wanawake. Nimepangiwa siku mara mbili, na mara zote mbili nimefika getini nikapanda tuktuk nikarudi. Naogopa ataingiza kile chuma cha kuangalia ndani ya uke, na kama tamponi haikumaliza kazi, chuma kitaimaliza. Tena naogopa ataandika kwenye faili kwamba mimi si bikira, na Waya ajue, maana anajuana na nusu ya wauguzi wa mji huu.

Je, bado mimi ni bikira? Nimwambie mchumba wangu? Nimwache Waya aniangalie ili shaka iishe? Na kwa daktari niende au nisiende?

Msomaji, Kisumu

*

Binti yangu,

Ahsante kwa kuiandika mara ya nne. Barua yako niliisoma jana jioni nikairudia leo asubuhi, na kila mara nimesimama pale ulipokaa sakafuni na mwenzako anabisha. Laiti ungemfungulia.

Nikikuelewa vizuri, mambo matatu yamejifunga fundo moja. Kuna tamponi iliyokuumiza na damu iliyokutisha. Kuna wanawake wawili wakubwa ambao, kila mmoja kwa njia yake, wameufanya mwili wako kuwa jambo la kikao. Na kuna maumivu ya miaka mingi, ambayo umeyataja mwishoni kabisa, kama mtu anayetaja mvua iliyonyesha juzi. Mimi ningeanza na hayo. Lakini najua hutanisikia mpaka tumalize habari ya kizinda, basi tuimalize kwanza.

Lugha yenyewe imetuchanganya. Bikira tunamwita mtu, na bikira hiyo hiyo tunaiita ile sehemu ya mwili, kisha tunasema imevunjwa, imetobolewa, imefunguliwa, mpaka mtu anaamini huko ndani kuna kifuniko kama cha chupa. Hakuna. Kizinda ni ukingo wa nyama laini uliozunguka mlango wa uke, karibu kabisa na nje. Mfano ninaoupenda ni kile kibanio cha nywele cha kitambaa chenye mpira ndani: katikati pana nafasi, na ukikivuta kinanyumbuka. Kingekuwa kimeziba, hedhi yako ya miaka yote hii ingepita wapi? Wapo wanaozaliwa kimeziba kabisa, lakini ni wachache sana, na hao hujulikana wakifika umri wa kuvunja ungo: tumbo linauma kila mwezi na damu haionekani. Hufanyiwa upasuaji mdogo, basi. Wapo wengine wenye kiuzi cha nyama kinachokata katikati ya mlango. Kwa hao tamponi hugoma kuingia, au huingia halafu ikagoma kutoka. Wengine chao kina umbo la mwezi mwandamo, wengine ni chembamba tangu kuzaliwa mpaka huwezi kukiona bila kukitafuta. Nimekuwa mkunga Nakuru miaka mingi kabla ya kuanza kujibu barua, na sijaona wawili waliofanana sawasawa.

Sasa damu ya kidoleni. Ulikuwa siku ya nne ya hedhi, mwanangu. Ulitarajia kidole kitoke na nini? Huenda ni hedhi yenyewe. Huenda pia ni mkwaruzo, kwa sababu pamba kavu ilisukumwa kwa nguvu mahali pakavu, na mwenyewe umekaza mwili huku unachungulia mlango wenye ndoo. Mikwaruzo ya sehemu hiyo hupona kwa siku chache, na huu ni mwezi wa ngapi tangu Machi? Mimi mwenyewe ningeumia vilevile. Siku ya nne damu imepungua, na watu wengi husukuma kuelekea juu moja kwa moja, kumbe njia ya uke imelala kidogo, inaelekea mgongoni, pale juu ya makalio.

Kwa hiyo swali lako la kwanza nalirudisha kwako kwa namna nyingine. Wewe na mchumba wako mlipokubaliana kungoja, mlikubaliana kungojea nini? Kama mlimaanisha kutolala pamoja na mtu, basi hakuna kilichobadilika bafuni siku ile. Pamba si mwanamume. Kama mlimaanisha kipande cha nyama kibaki na umbo fulani, mlikuwa mnalinda kitu ambacho hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kukiona.

Hapo ndipo ile dakika moja ya Waya inaponipa shida. Oktoba 2018 Shirika la Afya Duniani, pamoja na UN Women na ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa, yalitoa tamko moja kutaka upimaji wa ubikira ukomeshwe, na sababu mojawapo ni nyepesi kuelewa: hakuna uchunguzi, wa kuangalia kwa macho wala wa kuingiza vidole, unaoweza kuonyesha kama mwanamke amewahi kujamiiana au la. Waya alisomea kazi yake zamani, kama mimi. Tulifundishwa mambo mengi ambayo leo hakuna anayeyafundisha. Ukimwachia akuangalie kisha aseme "uko sawa," hajui. Akisema "hauko sawa," pia hajui, ila neno lake litakaa ukooni kuliko wewe. Unasema labda utamwachia ili shaka iishe. Shaka ya nani? Yako wewe, haitaisha kwa kipimo kisichopima kitu.

Hata hivyo sitaki umwone Waya kama adui, wala sidhani ni adui. Alikaa meza ile ile, akasikia mzaha ule ule wa soda, na nahisi haukumfurahisha hata kidogo. Mtu aliyelipa karo yako tangu ufiwe na baba anaweza kuwa anatafuta silaha ya kukulinda nayo siku wakwe watakapokunyooshea kidole. Silaha ndiyo mbovu. Ungeweza kumuuliza, siku mko wawili jikoni na hakuna haraka, "Waya, unaogopa watasema nini?" na umwache aongee. Huenda ukasikia jambo la ujana wake ambalo hukulijua. Huenda pia akakasirika, aone kukataa kwako ni kukiri, na karo ya muhula ujao ikawa na maneno. Hatari hiyo ipo na siwezi kuipunguza nikiwa mbali. Wewe ndiye unayejua akikasirika hukaa siku ngapi, na nani nyumbani anaweza kumtuliza.

Rafiki yangu wa Mombasa alinisimulia kuhusu kisarawanda, kile kitambaa cheupe kilichokuwa kikitandikwa usiku wa kwanza wa harusi ili asubuhi kionyeshwe. Nilipomuuliza ilikuwaje kwa wale ambao hawakutoka damu, akacheka akasema, "Kuku walikuwepo." Nakusimulia hivi kwa sababu wanawake wengi hawatoki damu kabisa mara ya kwanza, na wakubwa wetu walilijua hilo vizuri kuliko wanavyokubali mezani. Wanaotoka, mara nyingi ni kwa ukavu, woga na haraka.

Kuhusu mchumba wako, kuna kitu hukuniandikia. Mamake aliposema yale maneno, yeye alifanya nini? Alicheka na wengine? Aliinamisha kichwa? Alikutafuta baadaye? Nauliza kwa sababu jibu la hilo linaweza kukusaidia kuliko langu. Kumwambia habari ya tamponi unaweza, ni mambo ya mwili wako na yeye atakuwa mumeo. Ila angalia unavyoyaleta. Ukimwendea usiku na machozi, "nina jambo la kukiri," utakuwa umeipa pamba uzito wa dhambi, na yeye ataipokea hivyo hivyo ulivyoipa. Kuna mazungumzo mengine ambayo kwa maoni yangu yana haraka zaidi: kila mmoja wenu anatarajia nini usiku wa kwanza, na atasemaje asipoona damu. Hayo yakizungumzwa leo mkitembea Dunga mkila samaki, ni maneno tu. Yakingojewa hadi usiku ule, yanaweza kuwa kesi.

Na sasa maumivu.

Kutapika kila mwezi, kukosa masomo, dawa kushindwa, tumbo kuanza kabla ya damu: hayo si ya kuzoea. Wengi wetu tuliambiwa ndivyo wanawake walivyo, na wengine bado tunaambiwa "ukizaa yataisha." Huenda ni hedhi kali isiyo na ugonjwa nyuma yake, na ipo dawa yake. Huenda ni endometriosisi, ambapo tishu inayofanana na ile ya ndani ya mfuko wa uzazi huota nje ya mfuko. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu mwanamke mmoja kati ya kumi walio katika umri wa kuzaa anao. Sisemi unao. Nasema aliyekuandikia ile barua kliniki ya chuo aliona sababu ya kukutuma mbele, na wewe umeishia getini mara mbili ukilinda kitu ambacho daktari hana haja nacho.

Nikwambie kinachofanyika huko ndani, maana woga mwingi ni wa kutojua. Kwanza utaulizwa maswali, tena mengi: hedhi ilianza lini, hukaa siku ngapi, unaumwa wapi, haja kubwa inauma siku hizo au la. Utaulizwa kama umewahi kujamiiana. Swali hilo si la kukuhukumu, linamwongoza kujua ni vipimo gani vya kufanya na vipi vya kuacha. Ukijibu hapana, hapana hiyo ndiyo itakayoandikwa, kwa maneno yako, na hakuna atakayeichungulia kuithibitisha. Halafu atakubonyeza tumbo, pengine utoe mkojo wa kupimwa, pengine upigwe skeni. Ya kwako hupigwa juu ya tumbo, kibofu kikiwa kimejaa, ndiyo maana watakuambia unywe maji mengi na usiende chooni. Kile chuma unachokiogopa hutumika sana kuangalia mlango wa kizazi, kwa mfano kupima dalili za saratani, na hicho si kipimo cha umri wako wala hali yako kwa sasa. Daktari akiona kuna haja ya kuangalia ndani, atakueleza kwanza, na unaweza kukataa, kuahirisha, au kumwambia asimame katikati. Unaweza kuomba daktari wa kike. Unaweza kuomba muuguzi wa kike awepo chumbani. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka uelezwe na ukubali kabla ya kutibiwa, na habari zako zibaki siri, na kwa miaka 22 mwenye kukubali ni wewe mwenyewe.

Najua sheria iko kwenye karatasi na Waya yuko mjini. Kama hilo ndilo linalokurudisha getini, angalia kama unaweza kwenda kituo ambacho hana watu, hata Maseno au Kakamega, nauli si kubwa. Au ufanye kinyume kabisa: umwombe Waya mwenyewe akusindikize kwa ajili ya maumivu, akae benchi la nje. Kuna wanaopata ulinzi mkubwa kwa kumpa shangazi kazi ya maana. Kuna pia wanaojuta, kwa sababu shangazi haachi kuingia chumbani. Ukichagua hiyo, mwambie daktari mapema kwamba unataka kuongea naye peke yako. Amezoea kusikia hivyo.

Jambo moja zaidi kuhusu huko, ulijue kabla halijakushtua. Kati ya dawa za maumivu ya namna hii zimo vidonge vya homoni, vile vile vya kupanga uzazi. Hupewa hata wasiojamiiana. Ukipewa, fikiria utaviweka wapi na utamwambia nini atakayeviona, maana pakiti hiyo mkononi mwa jamaa asiyejua ni soda nyingine imefunguliwa.

Tamponi sitakusukuma uirudie. Bwawa la mwaka ujao linaweza kuangukia siku ambayo huna hedhi, na wako wengi wanaomaliza maisha yao na pedi bila kupungukiwa na chochote. Ukitaka kujaribu tena, jaribu siku yenye damu nyingi, si ya mwisho, kwa saizi ndogo kabisa, mikono imeoshwa, mlango una komeo. Pumua nje, elekeza nyuma. Ikikaa vizuri huisikii kabisa, ukiisikia, haijafika. Kupotelea ndani haiwezi, mlango wa kizazi ni mdogo mno, na mkojo una tundu lake lingine, hivyo huna haja ya kuitoa kila ukienda haja ndogo. Ibadilishe kila baada ya saa nne hadi nane, usizidishe. Ikisahauliwa humo, kwa nadra sana bakteria huzalisha sumu inayoweza kuua: ukiona homa kali ya ghafla, kutapika, kuhara, kizunguzungu na ngozi nyekundu kama iliyochomwa na jua, itoe na ukimbie hospitali. Na ikigoma kuingia siku zote, hata umetulia, hilo pia mwambie daktari, huenda ni kile kiuzi nilichokutajia. Vipo vikombe vya hedhi pia, vya kuwekwa ndani kukinga damu. Hapo jirani Siaya wasichana wa sekondari walipewa katika utafiti, na walivizoea polepole, mwezi baada ya mwezi, si siku ya kwanza. Yote hayo ni kwa bwawa, lakini. Ziwani ukingoni kuna kichocho, nacho hakijali umevaa nini.

Mwenzako wa chumbani alibisha mpaka akachoka. Nadhani anafaa kuambiwa kilichotokea, na kama ana nafasi siku ya miadi, apande tuktuk pamoja nawe ili mtu mmoja asiweze kugeuza peke yake. Chukua daftari, uandike kuanzia mwezi huu: tarehe, maumivu yalianza lini, ulitapika mara ngapi, dawa gani ulimeza na saa ngapi. Ukifika dirishani, karani akikuuliza kwa sauti umekuja kwa nini, mwambie "maumivu ya hedhi," umkabidhi barua ya kliniki, ukae. Hayo mengine ni ya daktari.